Mipangilio ya Kontrola ya MIDI: Kuihifadhi, Kuitolea Nakala na Kuirudisha Upya

Harusi ilikuwa Shela, kisiwani Amu (Lamu), usiku, nami nilikaa nyuma ya mpiga udi nikishughulikia ngoma. Laptopu ilikuwa imejaa chaji. Kontrola yangu ya MIDI, yaani kifaa cha kuendeshea sauti za kompyuta kwa MIDI, ile lugha ya vifaa vya muziki, yenye padi nane za kugonga na nobu nane za kuzungusha, ilikuwa inapata umeme kupitia habu ya USB (kigawanyi cha matundu ya USB) iliyochomekwa ukutani. Stima ikakatika, ikarudi papo hapo. Laptopu haikutikisika kwa sababu ina betri yake, lakini kontrola ilizima na kuwaka upya, na ilipowaka, mpangilio nilioutengeneza tangu alasiri haukuwamo tena. Padi niliyoiwekea chapuo ikatoa sauti ya kengele, ya vumi ikanyamaza kabisa, na nobu ya sauti kuu ikawa inaongeza mwangwi. Ami aliyekuwa anapiga udi aligeuka taratibu akaniuliza, "Mwanangu, kinanda kimekuwaje?" Nikamwambia, "Niwie radhi, Ami, nipe dakika tatu." Zilipita karibu ishirini, waalikwa wamekaa wakisubiri.

Kifaa hakikuwa na hitilafu. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu, nikakijaribu, nikasikia kinafanya kazi, nikaamini kazi imekwisha. Tangu usiku ule sijiulizi tena kama nimehifadhi, hujiuliza nimehifadhi wapi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijana wenzangu wa Amu na kwingineko pwani wanaopiga kwenye harusi, wanaorekodi kaswida chumbani, au walionunua kontrola mkononi na kuikuta imejaa mipangilio ya mtu mwingine.

Mipangilio hukaa wapi

Kontrola yenyewe haitoi sauti. Inatuma namba tu, na programu kwenye kompyuta ndiyo inayozigeuza kuwa sauti. Ukizungusha nobu, kontrola inatuma ujumbe wenye mambo matatu: chaneli, kati ya 1 na 16, namba ya udhibiti, ambayo kwenye menyu huandikwa CC, na thamani, kati ya 0 na 127. Mwisho ni 127 kwa sababu MIDI, iliyooneshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya vifaa vya muziki ya NAMM huko Marekani kwa kuunganisha kinanda cha kampuni ya Sequential na cha Roland, iliacha biti saba kwa ajili ya thamani, nazo zinatosha namba 128 tu, kuanzia 0. Baadhi ya namba za CC zina kazi zinazojulikana kote: 1 ni ya modulesheni (kutikisa sauti), 7 ni ya kiwango cha sauti, 10 ni ya kupeleka sauti kushoto au kulia, 64 ni ya pedali ya kushikilia noti.

Ukilielewa hilo utaona kwamba kile tunachokiita "mipangilio yangu" kimegawanyika sehemu tatu, na kila sehemu hupotea kwa njia yake.

Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu ya muda ndani ya kontrola. Unapobadilisha padi kutoka noti hii kwenda ile, badiliko linakaa hapa kwanza. Umeme ukikatika, limekwenda. Hapa ndipo nilipoachia kazi yangu ya Shela.

Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya kudumu ndani ya kontrola hiyohiyo, yaani nafasi za priseti, mipangilio iliyohifadhiwa kwa namba. Akai MPK Mini ya toleo la tatu, kwa mfano, ina nafasi 8 za programu. Kilichoandikwa hapa hakijali umeme. Vinanda vya miaka ya 1980 vilitegemea betri ndogo ya ndani kulinda kumbukumbu hiyo, na betri ikifa kila kitu kinafutika. Kontrola za siku hizi hutumia kumbukumbu ya flashi isiyohitaji betri.

Sehemu ya tatu iko kwenye kompyuta, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Unapoiambia programu ya kurekodi "nobu hii iendeshe sauti ya fidla", kontrola haijui lolote. Inaendelea kutuma CC 21 kama kawaida. Aliyekumbuka kwamba CC 21 ni ya fidla ni kompyuta. Kwenye Ableton Live, kwa mfano, maunganisho hayo huhifadhiwa ndani ya faili la mradi wenyewe. Ukifungua mradi mpya hayapo, na mtu hukimbilia kuilaumu kontrola.

Kujua tatizo liko wapi ni rahisi. Chomoa kontrola, hesabu mpaka kumi, chomeka tena, kisha tazama namba inazotuma. Kwenye Windows kuna MIDI-OX, kwenye Mac kuna MIDI Monitor, kwenye Linux kuna aseqdump. Zote hukuonesha kila ujumbe unaopita. Kama nobu ya kwanza bado inatuma CC 21 kwenye chaneli 1 kama ulivyotaka, lakini fidla haisikii, kilichopotea kiko kwenye kompyuta. Kama inatuma namba nyingine, kilichopotea kiko kwenye kontrola. Usibonyeze kitufe chochote cha kufuta kabla hujapata jibu hilo.

Anza na karatasi

Najua wengi wataruka sehemu hii, na nawaomba wasiiruke. Kabla ya programu yoyote, chukua daftari uandike ramani ya kontrola yako. Mstari mmoja kwa kila padi, nobu na slaida: jina la kitu, chaneli, namba ya noti au ya CC, thamani ya chini, thamani ya juu, na kazi yake. Ramani yangu ya harusi inaanza hivi:

Padi 1, chaneli 10, noti 36, vumi.
Padi 2, chaneli 10, noti 38, chapuo.
Padi 3, chaneli 10, noti 42, tari.
Nobu 1, chaneli 1, CC 21, kutoka 0 hadi 100, sauti ya fidla.
Nobu 2, chaneli 1, CC 22, kutoka 0 hadi 60, mwangwi.

Hiyo 60 ya mwangwi nimeiweka kwa makusudi, kwa sababu kwenye uwanja uliozungukwa na kuta za mawe sauti tayari inarudi yenyewe, na mkono ukiteleza nobu haitavuka hapo. Mambo kama hayo huyakumbuki baada ya miezi sita. Karatasi inayakumbuka.

Faida kubwa ya karatasi ni kwamba haifungwi na kampuni wala na toleo. Faili la priseti la kontrola ya kampuni moja halifunguki kwenye ya kampuni nyingine, na mara nyingine hata kwenye toleo jipya la kontrola ileile halifunguki. Kontrola yako ikitumbukia majini pale Mokowe ukipanda boti, na rafiki akakuazima ya kwake, ramani ya karatasi ndiyo itakayokuvusha usiku huo. Mimi naiweka ndani ya mfuko wa plastiki kwenye mkoba wa kontrola, na nimeipiga picha kwa simu.

Kuhifadhi ndani ya kontrola

Kontrola zenye skrini au vitufe vya kutosha hukuruhusu kupanga bila kompyuta. Nyingine hupangwa kupitia programu ya kampuni peke yake. Vyovyote iwavyo, utaratibu ni huu.

1. Chagua kwanza nafasi ya priseti utakayoandika ndani yake. Usitumie nafasi ya 1. Hiyo iache ilivyotoka kiwandani ili uwe na mahali pa kulinganisha mambo yakiharibika. Mpangilio wako wa harusi uweke nafasi ya 2, wa kurekodi nyumbani nafasi ya 3.

2. Fanya mabadiliko machache kwa wakati mmoja, padi zote kwanza, kisha nobu, halafu ujaribu.

3. Tafuta kitufe cha kuandika kwenye kumbukumbu. Kwenye kontrola nyingi kimeandikwa Save, Store au Write. Soma kijitabu cha mfano wako, maana mara nyingi hakitoshi kukibonyeza mara moja: unakibonyeza, unachagua namba ya nafasi, kisha unathibitisha. Watu wengi huishia kwenye kibonyezo cha kwanza.

4. Hamia kwenye priseti nyingine, kisha urudi. Kama mabadiliko yamepotea, hayakuandikwa.

5. Chomoa kebo. Subiri sekunde kumi. Chomeka, chagua nafasi ya 2, gusa kila padi na kila nobu huku ukitazama namba zake. Hatua hii inachukua dakika mbili, na kama ningeifanya alasiri ile ya Shela, Ami asingekuwa na haja ya kugeuka.

Kwa wanaotumia programu ya kompyuta, kuna tahadhari moja. Programu nyingi zina kitendo cha kutuma mpangilio kwenye kumbukumbu ya muda, ili uujaribu, na kitendo kingine cha kuutuma kwenye nafasi ya kudumu. Vimekaa karibu karibu kwenye menyu. Cha kwanza ukikitumia utasikia kila kitu kiko sawa, na hicho ndicho kinachodanganya.

Kutoa nakala kwenda kwenye kompyuta

Priseti iliyo ndani ya kontrola imehifadhiwa, lakini ni moja tu. Kontrola ikiibwa au ikifa, imekwenda nayo. Kwa hiyo unaitoa nje kama faili.

Njia nyepesi ni programu ya kampuni. Korg wana Kontrol Editor kwa ajili ya kontrola zao ndogo, Arturia wana MIDI Control Center, Akai wana programu ya kila mfano, na Novation wana Components. Hiyo Components hufanya kazi ndani ya kivinjari chenye uwezo wa kuzungumza na vifaa vya MIDI, kama Chrome, na ipo pia ya kusakinisha kwenye kompyuta. Kwa sisi ambao intaneti hukatika, sakinisha ile ya kompyuta ukiwa mahali penye mtandao mzuri, usisubiri siku ya kazi.

Kabla hujafungua programu hiyo, funga programu ya kurekodi. Kwenye Windows, kwa draiva nyingi (programu zinazounganisha kifaa na kompyuta), mlango mmoja wa MIDI unaweza kushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Ukiacha ya kurekodi wazi, ya kampuni itakuambia haioni kontrola, nawe utaanza kubadilisha kebo bure. Kebo nayo itazame: kebo nyingi za kuchajia simu hupitisha umeme tu bila data. Kontrola inawaka taa zote, kompyuta haiioni. Nimeona mtu amebeba kontrola mpaka kwa fundi kwa sababu hiyo.

Sasa fuata hatua hizi kwa utulivu. Chomeka kontrola moja kwa moja kwenye laptopu, bila habu. Fungua programu. Chagua kitendo cha kuchukua kutoka kwenye kontrola, ambacho huandikwa Get, Receive au Recall. Subiri mpangilio wako uonekane kwenye skrini, na uulinganishe na ramani ya karatasi mistari mitatu au minne. Kisha hifadhi kama faili, kwa jina jipya. Fanya hivyo kwa kila nafasi ya priseti unayoitumia, maana programu nyingi huchukua moja moja.

Mwelekeo ndio wa kuangalia. Kuchukua ni kutoka kwenye kontrola kuja kwenye kompyuta. Kutuma ni kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kontrola. Unapofungua programu kwa mara ya kwanza, skrini huonesha mpangilio wa mfano wa kiwandani. Ukibonyeza kutuma hapo, umefuta mpangilio wako mzuri kwa mkono wako. Hasara nyingine ni ya upande wa pili: kontrola imeharibika, unachukua mpangilio ulioharibika kutoka kwayo, halafu unauhifadhi juu ya faili lako zuri. Ndiyo sababu nasema jina jipya kila mara. Mimi huandika kazi, nafasi na tarehe: harusi_nafasi2_2025-11-08. Mwaka ukitangulia, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano.

Kontrola na vinanda visivyo na programu

Vifaa vingi, hasa vya zamani, hutoa mipangilio yake kwa ujumbe maalumu wa MIDI ambao kwenye menyu utauona umeandikwa SysEx. Kila kampuni ina namba yake ndani ya ujumbe huo, ili kifaa cha kampuni nyingine kiupuuze. Huanza na baiti F0 na kuishia na F7, na katikati ndimo ilimo mipangilio yako.

Kwenye Mac tumia SysEx Librarian, kwenye Windows MIDI-OX. Bonyeza kurekodi kwenye kompyuta kwanza, kisha ndipo uagize kifaa kitoe, kupitia menyu ambayo huandikwa Bulk Dump au maneno yanayofanana na hayo. Kwenye Linux utaandika kwenye dirisha la amri amidi -l upate jina la mlango, halafu amidi -p hw:1,0,0 -r harusi.syx -t 5, ukibadilisha hw:1,0,0 kwa mlango wako. Kurudisha ni amri hiyohiyo, ila unaweka -s mahali pa -r na kuiondoa -t.

Uwe na subira. Kebo ya MIDI ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti hula biti kumi, kwa hiyo ni baiti 3,125 tu kwa sekunde. Kumbukumbu ya kilobaiti 64 inachukua kama sekunde 21. Mtu akiona kimya kwa sekunde kumi hudhani kimekwama, anachomoa, na anabaki na nusu ya faili.

Ndiyo maana nakala ya SysEx lazima ikaguliwe. Itoe mara mbili, kwa majina mawili. Zikilingana ukubwa, ni dalili njema. Zikitofautiana, moja imekatika. Fungua faili kwa programu inayoonesha baiti, utazame kama inaanza na F0 na kuishia na F7. Kwa vifaa vinavyojulikana sana unaweza hata kujua ukubwa unaotakiwa: sauti 32 za Yamaha DX7 zikitolewa pamoja ni baiti 4,104. Ukiona 4,000, usifute kitu.

Wakati wa kurudisha, mambo mawili hukwamisha. La kwanza ni kinga ya kumbukumbu, ambayo vinanda vya zamani huwa nayo na lazima izimwe. La pili ni namba ya kifaa au chaneli. Ikiwa nakala ilitolewa kifaa kikiwa namba 1 na sasa kiko namba 2, kitaipuuza bila kukuambia neno. Kifaa cha zamani kikilalamika kwamba data imejaa, ongeza pumziko kati ya ujumbe na ujumbe kwenye programu yako.

Wapi pa kuziweka

Nakala moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja nje ya nyumba. Hapa kwetu hewa ya chumvi haina huruma. Flashi niliyoiacha mezani karibu na dirisha linalotazama bahari ilishika kutu kwenye meno yake. Sasa naiweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ya nje ya nyumba ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu faili hizi ni kilobaiti chache tu. Najitumia kwa barua pepe, au namtumia ndugu yangu aliyeko Mombasa kwa WhatsApp kama hati. Bando haihisi.

Pamoja nazo weka faili la mradi kutoka programu ya kurekodi, tupu, likiwa na maunganisho yote ya nobu na padi lakini bila wimbo. Hilo ndilo linalohifadhi ile sehemu ya tatu niliyoitaja mwanzoni. Wanaotumia programu ya kurekodi ya REAPER wana nafuu zaidi, kwani kwenye mapendeleo ya jumla kuna kitufe cha kutoa usanidi mzima kuwa faili moja.

Ijaribu nakala kabla hujaihitaji

Chagua siku isiyo na kazi. Badilisha padi moja kwa makusudi, iandike kwenye kumbukumbu ya kudumu, uhakikishe imeharibika kweli. Kisha fungua faili lako, litume kwenye nafasi ileile, chomoa, chomeka. Padi ikirudi kuwa vumi, una nakala. Isiporudi, ulichokuwa nacho ni faili tu. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu, na sipandi nayo boti.

Kurudisha katika hali ya kiwandani

Hapa nitasema wazi ninavyoona: watu wanakimbilia kufuta mapema mno. Matatizo mengi yanayopelekea mtu afute kila kitu yana dawa ndogo. Pitia haya kwanza.

Noti inalia bila kukoma: tafuta kitufe cha dharura kwenye programu yako ya kurekodi, ambacho hutuma CC 123 kuzima noti zote. Sauti imebaki imepinda au imeshikiliwa: CC 121 hurudisha vidhibiti kwenye mwanzo wake. Hakuna kati ya hizo inayogusa priseti zako.

Noti zote ziko juu au chini: tazama vitufe vya oktava na vya kuhamisha ufunguo. Mtoto akipita mezani hubonyeza hivyo kwanza.

Pedali inafanya kinyume, yaani noti zinashikilia ukiinua mguu: kontrola nyingi hutambua aina ya pedali zinapowaka. Ukiwasha huku mguu uko juu yake, itaelewa kinyume. Zima, toa mguu, washa.

Kinanda chenye sauti yake kimenyamaza lakini kompyuta inasikia noti: kuna aliyezima udhibiti wa ndani, ambao ni CC 122. Uwashe tena kwenye menyu. Hili huwapata sana wanaotumia kinanda cha taarabu kama kontrola, na mara nyingi wao ndio walioambiwa kinanda kimekufa.

Padi hazina sauti ila taa zinawaka: pengine chaneli imebadilika. Programu inasubiri chaneli 10, kontrola inatuma chaneli 1.

Hapo ikishindikana, tuma priseti yako upya kutoka kwenye faili. Ikishindikana tena, jaribu kontrola kwenye kompyuta nyingine. Baada ya hayo yote ndipo unafuta, na wakati huo una ramani ya karatasi, faili iliyojaribiwa, na nakala nje ya nyumba.

Namna ya kufuta hutofautiana na kila mfano, kwa hiyo kijitabu cha kifaa chako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa kawaida unashikilia vitufe fulani viwili au vitatu huku unachomeka kebo, au unaingia kwenye menyu ya mfumo. Tazama kinafuta nini hasa. Vinanda vingi vya Yamaha PSR-E, kwa mfano, vina viwango viwili: ukishikilia kitufe cheupe cha mwisho kulia huku ukiwasha, mipangilio iliyohifadhiwa inafutika, ukishikilia hicho pamoja na vyeusi vitatu vya mwisho, zinafutika pia nyimbo na mitindo uliyoipakia kutoka kwenye kompyuta. Vidole viwili vikikosea, umepoteza kazi ya mwaka.

Ukishafuta, usirudishe kila kitu kwa pamoja. Acha kontrola ikiwa ya kiwandani, jaribu kama tatizo limekwisha. Halafu rudisha priseti moja, jaribu. Tatizo likirudi na priseti hiyo, basi faili lenyewe ndilo bovu, na utahitaji kuipanga upya kwa kufuata karatasi.

Neno kwa wapigaji wa taarabu

Anayepiga kwa makamu za Kiarabu, yaani mifumo yao ya noti, ana mpangilio mmoja zaidi wa kulinda. Makamu ya rasti ikianzia C inataka E na B zishushwe robo ya sauti, yaani senti 50 kati ya 100 za nusu-sauti, na vinanda vya bendi vingi vina mahali pa kuweka hivyo kwa kila noti. Ukitumia kontrola ya kawaida, robo hiyo haimo ndani ya kontrola hata kidogo. Iko kwenye programu ya sauti, na hutoki nayo kwa kuchukua nakala ya priseti. Ihifadhi kama faili la programu hiyo. Ukitumia kinanda kamili, tazama kama mipangilio ya robo imetiwa alama ya kuingia kwenye kumbukumbu ya usajili, yaani vile vitufe vinavyohifadhi mipangilio ya kila wimbo, kabla hujabonyeza kuhifadhi, kwa sababu isipotiwa alama, utabonyeza kitufe cha wimbo wa pili katikati ya shughuli na fidla na kinanda vitaachana njia. Kiasi cha kupinda sauti kwa gurudumu nacho ni vivyo hivyo: chaguo-msingi la programu nyingi ni nusu-sauti mbili, na kama wewe umezoea nyingine, iandike kwenye ramani.

Kusasisha programu ya ndani ya kifaa

Kampuni hutoa matoleo mapya ya programu inayoendesha kontrola yenyewe. Kusasisha kunaweza kufuta priseti zote, na faili za zamani zinaweza kukataa kufunguka. Kwa hiyo toa nakala ya kila nafasi kwanza, pakua faili la sasisho zima kabla ya kuanza, hakikisha laptopu ina chaji ya kutosha hata stima ikikatika, chomeka kebo moja kwa moja, na usiguse kitu mpaka kifaa kijiwashe chenyewe. Usifanye hivyo ndani ya wiki yenye shughuli. Mimi nafanya wakati wa kusi, bahari ikichafuka na mialiko ya visiwani ikipungua. Nikimaliza natuma priseti ya nafasi ya 2, nagusa padi zote nane nikiwa na karatasi mkononi, kisha natoa nakala mpya yenye tarehe ya siku hiyo, na ile ya zamani naiacha ilipo.